Kadi za Pole

Ngorongoro, Hotelini
10 Februari 1985

Wifi Leonida,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute una afya, na Baba pia, mguu wake uwe umepona, na mvua ziwe zimewakumbuka. Sisi huku juu ni wazima, isipokuwa baridi, ambayo unaijua. Asubuhi ukungu unaingia mpaka dukani, mteja namsikia kabla sijamwona. Kaka yako Yohani anakusalimu sana. Yupo gereji kama kawaida, anapigana na magari yasiyo na vipuri.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya mwaka na miezi mitano. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, na karatasi nazo hazipatikani siku hizi, kwa hiyo hii ya nne nitaipeleka hata ikiwa mbaya.

Shida yangu ni duka. Tangu mpaka wa Kenya ulipofunguliwa wageni wameanza kurudi, na sisi rafu ni tupu. Tuna vinyago vitatu, shanga za akina mama wa Kimasai, na kadi za picha zimekwisha tangu Krismasi. Meneja anataka vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Nikakumbuka kadi ulizofundishwa na masista, zile ulizotengeneza kwa arusi yetu, ambazo watu walikataa kuzitupa.

Sasa wiki iliyopita tulisafisha stoo, tukakuta majora manne ya karatasi za kubandika ukutani, yaliyobaki tangu vyumba vya zamani viliporembwa. Meneja alitaka yachomwe. Nimeyaomba, na Inosenti anayeleta mboga atakushushia. Sikudanganyi, karatasi yenyewe ni mbaya. Hata mimi siipendi. Lakini ni ngumu, inakatika vizuri, na hakuna nyingine. Ukiweza kutengeneza kadi chache, nitashukuru. Usipoweza, nitashukuru pia kwa kuwa umesoma mpaka hapa.

Wifi yako,
Aikande


Karatu
24 Februari 1985

Wifi,

Salamu nimezipokea. Sisi ni wazima. Mguu wa Baba ulipona mwaka jana. Ungejua kama ungekuja.

Karatasi zimefika. Nimefungua jora la kwanza juu ya meza, nikalifunga. Nikalifungua tena, nikidhani labda nimeliangalia upande mbaya. Hakuna upande mzuri. Nataka kujua ni nani aliyekaa kitako, akiwa na akili zake, akachora miduara ya rangi ya chungwa juu ya rangi ya maharage yaliyoungua, na ndani ya kila duara akatia figo ya zambarau. Na watu walilala humo! Waliamkaje?

Hata hivyo nimejaribu. Nilikata maua, kila ua likawa na figo. Nikakata ndege, figo ikakaa tumboni, mahali pake kabisa, lakini sidhani mtu anataka kupelekewa ndege aliyepasuliwa. Nikakata msalaba. Huo sitakueleza.

Kwa kuwa karatasi hii haifai kwa arusi, wala ubatizo, wala Krismasi, nimeitafutia kazi inayoifaa. Utazikuta kadi ishirini. Juu ya kila moja nimebandika utepe wa karatasi yako, na chini yake nimeandika neno moja kwa wino mweusi: POLE. Ndilo neno lililokosekana nyumbani kwetu mwezi wa tisa mwaka juzi.

Sasa nitasema, maana nimeshaanza. Siku tuliyomzika Mama, tulimngoja mkwe wake saa mbili nzima. Jeneza limefungwa, padri anatazama saa yake, na Baba anasema, "Ngojeni kidogo, yule hawezi kukosa." Halafu Yohani akashuka peke yake kwenye gari la mboga, akasema una homa. Homa! Mama alikuwekea kibuyu chako cha mtindi, sisi watoto wake tukakatazwa kukigusa. Ungekuwa na mtoto mchanga ningesema mtoto amekuzuia. Huna.

Kwa hiyo nauliza, na nitauliza katika kila barua mpaka unijibu. Kwa nini hukuja kumzika Mama?

Baba hataki jina lako litajwe hapa. Mimi nakuandikia kwa sababu siwezi kuacha karatasi ikae bure, hata hii.

Wifi yako,
Leonida


Ngorongoro
12 Machi 1985

Wifi mpendwa,

Shikamoo ya Baba nampa kupitia kwako, hata kama hutaifikisha. Nafurahi kwamba mko wazima. Mimi mafua yalinishika, yameniachia.

Kadi nilizipokea na nilizielewa. Niliziweka siku mbili chini ya meza ya duka. Siku ya tatu meneja akaziona, akasema, "Hizi mbona ziko chini?" akazipanga mwenyewe kwenye rafu. Nilitaka kumwambia kwamba hizi ni kadi za msiba, na kwamba hakuna mtu anayepanda hadi kwenye kreta kuangalia vifaru akiwa anatafuta kadi ya msiba. Nikaziandikia bei.

Wifi, zimekwisha. Ishirini zote, kwa siku nne. Mama mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye kofia ya majani, alinunua sita peke yake na akazikumbatia. Wanazishika, wanasoma POLE kwa sauti, wanatazamana, wanacheka. Sijawahi kuona wafiwa wa namna ile. Nimebaki nimeduwaa.

Nimemuuliza Sylvesta anayehudumu mezani, maana yeye anajidai anawajua Wazungu kuliko wanavyojijua. Anasema wanaweka kadi ukutani kama picha. Lakini kwa nini wachague hiyo, wakati shanga nzuri ziko pembeni? Na ile siyo figo, kwa taarifa yako. Ni korosho, kama zile za kwenye kanga. Angalia vizuri.

Meneja anataka nyingine arobaini.

Kuhusu ulilouliza, nimelisoma. Nipe muda.

Wifi yako,
Aikande


Karatu
20 Machi 1985

Wifi Aikande,

Hujambo. Sisi hatujambo, mvua zimeanza, na Baba anashinda shambani akigombana na nyani.

Nimeangalia vizuri. Ni figo. Watu wa Kilimanjaro korosho mmeziona wapi?

Barua yako imeninyima raha. Nilikaa kwenye kituo cha ushonaji parokiani nikiwafundisha akina mama kupinda shati, huku najiuliza: hao Wazungu wamefiwa na nani? Wote kwa pamoja? Kuna ugonjwa kwao? Au wananunua za akiba, ili mtu akifa waone kazi imeshafanyika? Nilimuuliza Hyasinta, tunayefundisha naye. Akasema labda kwao kucheka ndiyo kulia. Nikamwambia asirudie maneno hayo mbele ya sista.

Kisha nikawaza jambo jingine, nalo nakuambia ukweli. Mimi ziliniuma wakati nazitengeneza. Kila moja niliiandika nikikuwaza wewe. Sasa nasikia mtu amezikumbatia. Nilijiona mjinga, halafu nikaanza kutaka kujua. Kwa hiyo nakutumia arobaini, siyo kwa ajili ya meneja wako, bali kwa sharti kwamba ukae hapo kaunta ufungue macho na masikio. Uliza, Kiingereza unakijua. Muulize hata mmoja: umefiwa na nani?

Gundi ya safari hii ni unga wa ngano niliopika na chumvi kidogo, ili mende wasizile. Nilizoea kuikoroga na Mama. Yeye alikuwa hodari wa kujua imeiva lini, alichovya kidole tu.

Muda nimekupa, wiki moja. Kwa nini hukuja?

Wifi yako,
Leonida


Ngorongoro
9 Aprili 1985

Wifi mpendwa,

Heri ya Pasaka. Nimeambiwa na Inosenti kwamba Baba alisoma somo kanisani bila miwani. Mungu amtunze. Sisi tulisali hapa hapa na wafanyakazi wenzetu, kwaya ya watu sita.

Kaa chini kabla hujasoma.

Jumamosi aliingia mzee mmoja mrefu, amevaa kaptula katika baridi hii. Alichukua kadi yako, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa kama ninazo zenye POLE mbili. Nikamwambia sijaelewa. Akasema: hii ina POLE moja, nusu tu, anataka ile kamili. Nikazidi kutoelewa. Basi yule mzee akanyoosha mikono kama ameshika usukani, akaanza kutembea dukani kama gari linaloteremka bondeni, hatua kwa hatua, huku anasema: "Pole pole! Pole pole!"

Wifi, nilishika meza.

Ni madereva. Wanapowateremsha wageni kreta, kutwa nzima wanawaambia pole pole, na ndilo neno pekee la Kiswahili wanalorudi nalo kwao pamoja na jambo. Wakiona kadi yako wanadhani imeandikwa: Taratibu! Nilimuuliza mzee anampelekea nani. Ana binti anayeendesha gari kama mwenda wazimu. Yule mama mnene alinunua sita kwa ajili ya ofisi yake, ili wakubwa wake wapunguze haraka. Na bwana mmoja amenunua ya kumpa mkwewe anayeoa mara ya tatu.

Nikamweleza mzee maana yake. Nilimwambia kwamba kwetu neno hili unampa mtu aliyeumia, au aliyefiwa, au hata aliyejikwaa mbele yako, ingawa siye wewe uliyeweka jiwe. Akauliza, "Ninyi mna neno kwa ajili ya hilo tu?" Kisha akainunua vilevile, akachukua na ya pili, akasema ya pili ni ya dada yake. Sikumuuliza dada yake ana nini. Nilijua.

Nacheka huku naandika, na mara nyingine sicheki.

Muda ulionipa umepita, najua. Usinichoke.

Wifi yako,
Aikande


Karatu
16 Aprili 1985

Wifi Aikande,

Umenivunja mbavu. Niliisoma barua yako nikiwa jikoni, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepokea ugeni. POLE mbili! Nikamsomea Baba bila kutaja imetoka kwa nani. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Akatembea uani kama gari, yeye na fimbo yake, pole pole, pole pole. Tangu Mama aondoke sijamwona hivyo. Kisha akauliza, "Nani ameandika?" Nikamwambia. Akasimama pale pale. Akasema anakwenda kuwatazama ng'ombe, na ng'ombe walikuwa zizini mbele ya macho yake.

Basi hivi ndivyo ulivyo msiba wetu, wifi. Tunakucheka vizuri na hatuwezi kukutaja.

Nimewaza sana tangu siku ile. Kadi zile hazikuwa za Wazungu, zilikuwa zako. Nilitaka ufungue mfuko uone neno hilo mara ishirini, uone aibu. Sioni fahari kukuambia. Lakini ulichofanya wewe ni kunieleza habari za mzee mwenye kaptula, vizuri kiasi kwamba nilisahau kwa dakika kumi kwamba nimekukasirikia. Ulikuwa hivyo hivyo tangu siku ya kwanza uliyoletwa hapa, ukatuambia jinsi mama yako mdogo alivyompa padri chai ya chumvi. Mimi sina dada. Nilidhani nimepata.

Kwa hiyo siulizi tena kwa hasira. Nauliza kwa sababu sielewi, na kutoelewa kunaniumiza kuliko hasira yenyewe. Mtu anayeandika barua ya namna hii hawezi kuwa yule aliyekaa kitandani na homa wakati mama mkwe wake anashushwa. Kuna kitu. Yohani nilimuuliza alipokuja kutia mbolea, akageuka kama mtu aliyeitwa.

Majora mawili bado ninayo. Sitakata kadi nyingine mpaka unijibu. Mwambie meneja mkono unauma.

Wifi yako,
Leonida


Karatu
20 Mei 1985

Wifi,

Sijui hata nianze na salamu ipi. Wiki tano hakuna neno. Inosenti anasema upo, unauza shanga, umekonda. Nimemtuma mara mbili akuulize kama una barua, ukamwambia hujamaliza kuandika.

Nimevunja sharti langu mwenyewe, nakutumia kadi kumi. Sikuandika kitu. Nimegundua kwamba ukikata karatasi hii vipande vidogo sana, kama punje za mtama, zile rangi zinaacha kugombana. Bado siipendi. Lakini nimeacha kuitazama kwa ubaya.

Kama nimekusukuma mno, niambie niache. Kama ni jambo ambalo likisemwa litavunja nyumba, niambie hivyo tu, kwamba ni la kuvunja nyumba, na mimi nitajifunza kuishi bila kulijua. Ila usinyamaze. Barua zako zilikuwa zimeanza kunifanya niwahi barabarani siku ya gari la mboga.

Leonida


Ngorongoro
2 Juni 1985

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimekuwa mgonjwa wa barua hii. Yohani anajua kwamba naandika. Alisema nisiandike, halafu jana akasema niandike, halafu akatoka nje akakaa kwenye gari bovu mpaka chakula kikapoa.

Isome ukiwa peke yako.

Uliandika kwamba sina mtoto wa kunizuia. Nilikuwa naye, wifi.

Ilikuwa mimba ya miezi saba. Mama peke yake alijua. Nilimwambia Pasaka ya mwaka ule, akanikataza kusema mpaka nijifungue, akasema huku kwenu mdomo wa watu unatangulia mbele ya mtoto. Ndiyo sababu alikuwa akinilimbikizia mtindi. Jumapili, siku mbili kabla ya habari za kifo chake, nilishikwa na uchungu asubuhi. Namunyak, mke wa mlinzi, alikuja akanisaidia. Mtoto hakulia. Namunyak alimpangusa akamfunika kwa kitambaa chake mwenyewe, na Yohani akachimba pembeni mwa msitu, nyuma ya nyumba zetu.

Jumanne ikaja habari kwa simu ya upepo ya hotelini kwamba Mama amefariki.

Nikasema nitakwenda hata kwa kutambaa. Ndipo kaka yako akaniambia jambo ambalo mimi, mtoto wa Machame, sikuwa nalijua. Alisema kwenu mwanamke aliyetokewa na hilo hakanyagi boma la mtu mpaka atakaswe, na mume wake vilevile. Tena boma lenye maiti ndiyo zaidi, maana anaweza kuwaletea kifo kingine. Alisema, "Nikisema ukweli, Baba hataniruhusu kuingia. Sitamzika mama yangu." Alilia, wifi. Yohani unamjua, huwa halii.

Basi tuliamua. Yeye aende, aseme nina homa. Mimi nibaki. Nilidhani nikibaki mimi, angalau nusu ya mwiko tumeishika, na kwamba mabaya, kama yapo, yatakuwa madogo. Nilidhani pia kwamba baada ya mwezi mmoja tutasema. Kisha Desemba wakafa ng'ombe wawili wa Baba. Yohani alirudi kutoka huko akiwa na uso wa majivu. Anaamini ni yeye. Tangu hapo kila nilipotaka kusema, nilikuwa naona natia kamba shingoni mwake. Baba akijua kwamba mwanawe aliingia pale, akashika jeneza, akala na watu, atasemaje? Na ninyi mliokula naye?

Hiyo ndiyo sababu. Homa nilikuwa nayo kweli, lakini haikuwa ya malaria. Maziwa yalikuwa yamekuja na hapakuwa na wa kuyanyonya.

Karatasi ile mbaya nilikutumia kwa makusudi. Nilitafuta kitu ambacho kitakulazimisha kunijibu, hata kama ni kwa kunitukana. Na zile kadi za POLE, Leonida, moja sikuiuza. Najua uliniandikia kwa ubaya. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia neno hilo. Nikaichukua.

Fanya utakavyoona. Ukimwambia Baba, nitaelewa. Usipomwambia, umebeba mzigo wangu na mimi ndiye niliyekutwika.

Wifi yako, kama bado,
Aikande


Karatu
24 Juni 1985

Aikande,

Natumaini mko wazima wote wawili. Nami ni mzima.

Umengoja wiki tatu, nami najua kungoja. Sikukuadhibu. Barua yako niliisomea ghalani, nimekaa juu ya gunia la maharage, na nilipomaliza nilibaki hapo mpaka Baba akaja kuniita akidhani nimeumwa na nyoka.

Kwanza nitakuambia lililo gumu, ili tuliache nyuma. Yohani hakukosea kuhusu Baba. Ni Mkristo, anasoma masomo kanisani, lakini siku ile angemzuia langoni. Na mimi je? Nimejiuliza usiku na mchana. Kama ungefika ukiwa umevuja maziwa kwenye gauni, na mtu akaninong'oneza sababu, nadhani mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kukuambia urudi. Ningesema kwa upole, ningekupa maji, lakini ningekurudisha. Nimekuwa nikikudai jibu kwa miezi minne, na jibu lenyewe ni kwamba ulituogopa na ulikuwa na haki.

La pili, ng'ombe. Mwambie kaka yangu, mwambie leo kabla hajalala: wale ng'ombe walikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Bwana mifugo alikuja, akawapasua, akamwonyesha Baba bandama iliyovimba. Jirani zetu walipoteza watano wiki ile ile, na kwao hakuna aliyekuwa amejifungua. Mimi nilikuwepo, niliiona. Laiti angeniuliza mimi badala ya kuuliza moyo wake.

La tatu, Baba. Sikumwambia. Barua yako nimeitia motoni, na nimekaa mpaka imekwisha. Siku moja Yohani atamwambia mwenyewe, wakiwa wawili, naye atapokea au atakataa, lakini haitatoka kwangu. Nilimwambia kitu kimoja tu. Jana jioni wakati wa kukamua nilisema, "Baba, Jumamosi nakwenda kwa wifi yangu." Maziwa yakajaa, akahamia kwa ng'ombe mwingine. Halafu akasema, akiwa amenipa mgongo, "Mchukulie mahindi mabichi. Huko juu wamekatazwa kulima." Asubuhi hii nimekuta ameshayavunja mwenyewe, gunia zima, yamelowa umande.

Nilitaka kukutengenezea kadi. Nimeharibu karatasi nne. Kila nilichokata kilionekana ni cha duka, na neno lenyewe nimeliandika mno, mkono unalikimbilia bila mimi. Nikaacha. Kuna mambo yanayomtaka mtu apande gari.

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 29 nitakuwa juu ya gari la Inosenti, kwenye mboga. Mwambie Namunyak asiende mbali, nataka kumshika mkono. Na kabla sijafika nakuomba uanze kukumbuka, maana nitakuuliza maswali mengi na sitaona haya. Alikuwa wa kike au wa kiume? Alikuwa na nywele? Alifanana na ninyi watu wa Machame, au alikuja na hiki kipaji chetu cha uso, kipana? Mlikuwa mmemchagulia jina? Usiniandikie majibu. Nataka unisimulie, halafu unipeleke pale pembeni mwa msitu unionyeshe alipolazwa. Nimechelewa karibu miaka miwili kwenda kumwona, na mtoto hawezi kukaa miaka miwili ndugu wa baba yake hajafika.

Nakuja.

Ni mimi, shangazi yake,
Leonida